Ushauri: Seiko 5 inatangulia dakika 40 kwa siku na inasimama usiku, nibadilishe mashine nzima?

Mtarajiwa_Moshi (Jumatano, saa 1:40 usiku)
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nipo Moshi, napenda saa za mkono za zamani, zile mbovu za mezani pale soko la Memorial nanunua, nafungua, nasafisha. Sasa nina Seiko 5 otomatiki, imo kwenye familia tangu Uhuru, 1961. Ina matatizo mawili. Inakimbia, kwa siku inatangulia dakika 40. Halafu inasimama usiku, kila mara kwenye saa nane. Nawaza kuachana na mashine yake, niweke mashine mpya ya NH36 ndani ya kasha hilohilo. Swali langu ni moja tu: NH36 itaingia? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Nawasilisha.

Kiboriloni_Original
Ipeleke Mnara wa Saa, uizungushe kipilefti mara saba. Isipopona hapo ujue imerogwa.

Rubi17
Kabla ya mashine, hakikisha kwanza hiyo Seiko si ya kupakwa India, yaani uso wake haukupakwa rangi upya huko. Zipo nyingi. Uso una rangi kali ambayo kiwanda hakikuwahi kutoa, neno SEIKO limechapwa badala ya kuwa nembo ya chuma iliyobandikwa, vistari vya dakika havina nafasi sawa, na yale maandishi madogo chini kabisa ya uso, karibu na 6, hayapo au yanataja mashine tofauti na ya mfuniko wa nyuma. Kama ndivyo, usiharibu hela kwa NH36.

Na kama ni 1961 unayoitafuta, huo ndio mwaka HMT, kiwanda cha saa cha Bangalore, India, walipoanza na Citizen wa Japani. HMT Janata ni ya kutia ufunguo kwa mkono, mawe 17 (rubi ndogo zinazoshika ncha za magurudumu), mapigo 18,000 kwa saa, haina rota, kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukitembea, wala haina tarehe. Mashine ya kujifunzia ndiyo hiyo. Sielewi vijana mnaanzaje na otomatiki.

Balansi_Njiro
NH36 baadaye. Nijibu matatu kwanza.

Saa nane usiku maana yake mshale mfupi uko kwenye 2, au uko kwenye 8? Nauliza kwa sababu tarehe inageuka mshale ukiwa 12 na siku inamalizia kugeuka saa moja au mbili baadaye. Saa isiyo na nguvu inakwama hapohapo, kwa kuwa ina mzigo wa kusukuma magurudumu ya kalenda. Ikisimama kwenye 8 ni habari nyingine kabisa.

Pili, usiku huo imevaliwa au iko mezani?

Tatu, nani ameifungua na lini? Na utuandikie namba zote za mfuniko wa nyuma.

Mtarajiwa_Moshi
Mshale uko kwenye 2. Inakaa kwenye droo, ila jioni naitikisa kama nusu dakika kabla ya kuiweka. Mfuniko umeandikwa 7009-876A, namba ya chini inaanza na 8N. Kufunguliwa, ilifunguliwa kidogo tu, kuangalia. Lakini wakuu, NH36 inaingia?

Kiboriloni_Original
"Ilifunguliwa kidogo tu." Kama mlango wa friji.

Balansi_Njiro
Droo ndiyo jibu la tatizo la pili. 7009 haitiwi ufunguo kwa mkono. Ukizungusha kile kitufe cha pembeni kikiwa kimekaa ndani hakijazi kitu. Chakula chake ni rota, na rota inasubiri mkono utembee. Ikijaa kabisa inaenda zaidi ya siku moja na nusu. Nusu dakika ya kuitikisa ni kama kumpa mtu kijiko kimoja cha uji na kumtuma apande Kibo. Ikifika saa sita usiku inakuta kalenda, inasukuma, nguvu inaisha kwenye 2. Hiyo saa haikuwa na ugonjwa wa kusimama. Ilikuwa na ugonjwa wa kutovaliwa.

Sasa dakika 40. Hapo kuna jambo hujatuambia.

Kiboriloni_Original
Labda aliipandisha Marangu, hewa nyembamba, balansi, lile gurudumu linalopiga huku na huku, ikapata nafasi ya kukimbia.

Balansi_Njiro
Unatania, lakini hewa nyembamba kweli inaruhusu balansi ipige upana zaidi kidogo. Mabadiliko yake yanahesabiwa kwa sekunde, hayafiki dakika 40.

Nyuzi_na_Lenzi
Ngoja nimalizie hesabu. Siku ina dakika 1,440. Ikitangulia 40, mapigo yameongezeka kwa karibu asilimia 2.8. Springi ya nywele, ile nyembamba iliyojikunja ndani ya balansi, ikifupika balansi inakwenda haraka, na kwa kiwango hicho imefupika kwa asilimia 5 hivi. Kile kiwiko cha kurekebishia chenye alama za kuongeza na kupunguza hakifiki huko, chenyewe kina dakika chache tu. Na nywele haikatiki kipande ikaendelea kutembea. Kwa hiyo pete zake mbili au zaidi zimegandana, na sehemu iliyogandana haifanyi kazi. Zinagandana kwa sumaku, kwa kugongwa hadi pete moja ikapanda juu ya nyingine, au kwa mafuta.

Kutofautisha ni rahisi. Chukua dira ya kawaida yenye sindano, usitumie ya simu, uisogeze juu ya balansi inayopiga. Sindano ikitetemeka kufuata mapigo, ni sumaku. Ikitulia, tazama nywele kwa lenzi ya mara kumi. Pete zinatakiwa zitanuke na kusinyaa kwa nafasi sawa. Ukiona mbili zinang'aa kama zimelowa, ni mafuta. Mtarajiwa, ulitia mafuta gani?

Mtarajiwa_Moshi
Nani kasema nilitia mafuta?

Nyuzi_na_Lenzi
Asilimia 5.

Mtarajiwa_Moshi
Sawa. Ya cherehani. Matone mawili tu. Lakini jamani, mafuta ya cherehani ni ya mashine ndogo zenye vyuma vinavyosuguana, saa nayo ni mashine ndogo. Sikutia mafuta ya kupikia.

Rubi17
Matone mawili! Mafuta yote yanayohitajika kwenye saa nzima ya mkono hayafiki tone moja. Yanawekwa kwa sindano maalumu yenye ncha bapa, unachovya, unagusa ukingo wa jiwe, unaona kijiduara kinajaa nusu ya kikombe cha jiwe, basi. Ya cherehani ni mepesi na yanapenda kutambaa, ukiyaweka kwenye jiwe kesho yako kwenye nywele. Halafu hayako aina moja. Ncha za magurudumu yanayokwenda haraka na mawe ya balansi, mafuta ya saa ya Moebius 9010. Meno ya gurudumu la paleti yanapogusa mawe ya paleti, kile kiwiko kinachoisukuma balansi, 9415, ambayo ni mazito yakitulia na mepesi yakigongwa. Sehemu za polepole zenye mzigo, HP1300. Ukuta wa ndani wa ngoma ya springi kuu, ile inayotunza nguvu ya saa, kwenye otomatiki unahitaji grisi yake, 8217, ili springi ikijaa iteleze kwa kiasi badala ya kukatika. Meno ya kawaida ya magurudumu hayatiwi kitu chochote. Na nywele haiguswi na mafuta hata kwa bahati mbaya.

Mtarajiwa_Moshi
Ndiyo maana nasema bora NH36. Mpya, mawe 24, inatiwa ufunguo kwa mkono, haina historia. Kuna haja gani ya kuhangaika na mashine iliyokwisha kulowa?

Balansi_Njiro
Ukubwa wake kwa upana unaweza kukaa kwenye kasha kwa kutafuta pete ya kujazia. Shida ni tatu. Miguu midogo ya shaba nyuma ya uso wa saa imewekwa kwa matundu ya 7009. Isipolingana utaikata na kubandika uso kwa gundi, na hapo uso umekwisha. Pili, NH36 ina unene wa milimita 5.32. Shina la kitufe lisipokuwa kwenye kimo cha tundu la kasha, litajipinda na kitufe kitasugua hadi kuvunja shina. Tatu, maandishi. Uso unasema mawe 17, mfuniko unasema 7009, ndani kuna kitu kingine. Vuta kitufe cha NH36, mshale wa sekunde unasimama. Wa 7009 hausimami. Mtu aliyeishi na hiyo saa atajua kabla hajakaa kwenye kiti.

Umeshainunua?

Mtarajiwa_Moshi
Nimeulizia tu bei.

SekundeSita
Wakuu, mnamwaga utaalamu kwenye chai. Rudini posti ya kwanza. "Imo kwenye familia tangu Uhuru, 1961." Seiko walianza kuita saa zao 5 mwaka 1963. Mashine ya 7009 ni ya miaka ya 70 kuendelea. Tena katupa namba mwenyewe: inaanza 8N. Kwa Seiko za wakati huo tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Hiyo ni saa ya Novemba 1978 au Novemba 1988. Ya 1968 haiwezekani, 7009 haikuwepo. Sasa ni babu gani alivaa saa ya 1978 siku ya Uhuru? Ama saa haipo, ama siyo ya familia yake. Na hii haraka ya Jumamosi ni ya nini?

Kiboriloni_Original
Chai ya tangawizi. Nani ana maandazi?

Rubi17
Novemba 1978 Watanzania walikuwa na Kagera, si kununua Seiko.

SekundeSita
Namba inasema ilitoka kiwandani lini, haisemi ilinunuliwa lini. Ila bado haifiki 1961.

Mangi_Mstaafu
Mtu akija kuomba ushauri huku anaficha, anatafuta wa kugawana naye lawama. Mtarajiwa, sema saa ni ya nani.

Nyuzi_na_Lenzi
Iwe chai isiwe chai, dakika 40 za mafuta zipo kweli, watu wengine wanasoma.

Mtarajiwa_Moshi (Alhamisi, saa 12:15 asubuhi)
Saa ipo. Siyo ya familia yangu, bado. Ni ya baba wa mchumba wangu, yuko Machame. Wiki iliyopita alinikabidhi kwa sababu anajua napenda saa. Alitaka nimbadilishie mkanda. Mkanda tu. Nikaiweka kwenye droo, asubuhi nikakuta imesimama, nikajua ni mbovu, nikasema nimfanyie mshangao. Jumamosi ni ubarikio wa binti yake mdogo na ameniambia niende nayo. Hiyo ya Uhuru sikutunga, mwenyewe alipokuwa ananipa alisema "hii ni ya Uhuru, uitunze". Na NH36 nimeshalipa nusu, iko kwenye basi kutoka Dar. Ndiyo maana nilikuwa nauliza kama itaingia. Msinihukumu sana, ningeirudisha ikiwa nzuri kuliko alivyonipa.

Kiboriloni_Original
Mkwe katoa mtihani wa mkanda, mwanafunzi kafanya upasuaji wa moyo.

SekundeSita
"Ya Uhuru"? Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, ndugu yangu! Mzee anakuambia alikoinunua.

Mtarajiwa_Moshi
Sikufikiria hivyo. Siwezi kumpigia kumuuliza sasa hivi.

Mangi_Mstaafu
Utampigia. Au uende na jani la isale, ulifunge fundo, umwambie baba, niliifungua. Mchaga akipokea isale hana tena la kusema. Ukificha, ataisikia saa yake inalia tofauti siku ya sherehe mbele ya wageni wote.

Rubi17
Isale haioshi mafuta. Mashine ivunjwe yote, ioshwe, itiwe mafuta upya. Siku mbili hazitoshi, kwa hiyo asiirudishe Jumamosi.

Balansi_Njiro
Kwa nadharia uko sahihi Rubi. Kwa Jumamosi, balansi peke yake inatosha kurudisha muda, mengine yafanyike baadaye mzee akijua. Mtarajiwa, soma yote kabla hujagusa kitu.

Zima feni, funga dirisha, upande wenu huko vumbi halina adabu. Lowesha sakafu kidogo. Karatasi nyeupe mezani, bilauri ya kufunikia vipande. Mfuniko wa nyuma wa kuzungusha, kama huna ufunguo wake tumia mpira laini wa mtoto, ubane juu ya mfuniko, zungusha kinyume cha saa. Toa skrubu moja ya katikati, rota inatoka. Utaona daraja la balansi lina skrubu moja. Ilegeze, itoe, ingiza ncha ya bisibisi kwenye upenyo mdogo uliopo pembeni ya daraja, inua taratibu. Balansi itakuja ikining'inia kwenye nywele yake. Usiivute, ifuatishe. Ikikwama chini, ujue ncha yake bado iko kwenye jiwe, rudisha kidogo kisha inua upya. Hapa ndipo nywele nyingi zinapofia. Paleti iache ilipo. Yeyote atakayetaka kuitoa lazima kwanza aachie nguvu ya springi kuu, wewe usiiguse.

Geuza daraja lilale chali na balansi juu yake. Chovya vyote pamoja kwenye kikombe cha kioo chenye mafuta ya kiberiti, yale ya kujazia viberiti vya chuma vya utambi. Dakika 3, tikisa kikombe polepole. Mwaga, weka mengine safi, rudia. Kausha kwa kipuliza cha raba, usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Mtarajiwa_Moshi
Nina spiriti ya duka la dawa. Haifai?

Nyuzi_na_Lenzi
Hapana! Jiwe dogo la msukumo chini ya balansi na mawe ya paleti yamegandishwa kwa sheleki, ileile ya maseremala, na sheleki inayeyuka kwenye spiriti. Utaosha mafuta na jiwe litaondoka nayo. Petroli ya bodaboda pia hapana, inaacha mabaki.

Balansi_Njiro
Amemaliza. Uoshaji huo pia unatoa mafuta ya jiwe la juu la balansi, kwa hiyo fungua kile kispringi cha Diashock, kinacholikinga jiwe saa ikigongwa, osha jiwe bapa, weka 9010 kidogo katikati, rudisha. Fanya hivyo mikono yote miwili ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kile kispringi kinaruka kama kiroboto na hutakiona tena. Kama huna 9010, jiwe usilifungue, panda gari njoo Arusha.

Ikirudi na kuanza kupiga, kabla hujafunga mfuniko ipitishe kwenye kitoa sumaku. Bonyeza, isogeze mbali taratibu urefu wa mkono, ndipo uachie kitufe. Ukiachia ikiwa karibu unaongeza sumaku.

Mtarajiwa_Moshi (Ijumaa, saa 3:20 usiku)
Wakuu. Imepona. Pete zilikuwa tatu zimegandana. Mafuta ya 9010 nilipata kwa fundi mmoja, kanipa kwenye kizibo. Kispringi kiliruka mara moja, kilibaki ndani ya mfuko. Nimepima kwa programu ya simu inayosikiliza mapigo, mapigo 21,600, inatangulia sekunde 26 kwa siku ikilala chali, upana wa balansi nyuzi 218. Naongeza kurekebisha?

Ila nimepata balaa jingine. Siku imeandika Kiarabu. Kabla ilikuwa Kiingereza. Nimevunja?

SekundeSita
Hujavunja. Gurudumu la siku lina lugha mbili, kila siku imeandikwa mara mbili. Endelea kusogeza siku moja mbele, itarudi Kiingereza. Lakini siyo sasa. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri meno ya kalenda yameshikana, ukilazimisha unakata jino. Fanya asubuhi. Au peleka kwanza mishale mbele hadi mshale mfupi upite kwenye 4, yaani saa kumi alfajiri.

Nyuzi_na_Lenzi
Sekunde 26 kwa saa ya umri huo achana nazo. Kiwiko cha kurekebisha usikiguse usiku huu, ukikisukuma unene wa unywele umeondoka na dakika. Ivae, lala nayo mkononi, itembee ijae. Kesho asubuhi ndiyo utajua tabia yake. Na oringi ya mfuniko, ule mpira wa duara wa kuzuia maji, kama imekakamaa weka mpya, masika hayajali kama wewe ni mkwe.

Rubi17
Ndani bado kuna mafuta ya cherehani kwenye magurudumu. Yatakusanya vumbi. Ndani ya mwaka itaanza kuchoka. Nasema ili lisije likasemwa halikusemwa.

Mtarajiwa_Moshi
Nitamwambia mzee. Nimeamua nimwambie, baada ya chakula. NH36 imefika, nitaitafutia kasha lingine.

Mangi_Mstaafu
Kabla ya chakula.

SekundeSita
Na mkanda umepata wa upana gani?

Mtarajiwa_Moshi
Mkanda upi?

Balansi_Njiro
Pima kati ya masikio ya kasha kwa rula ya milimita, ndani kwa ndani. Seiko 5 nyingi za enzi hizo ni 18 au 19. Wa 18 kwenye 19 utacheza kidogo, wa 20 kwenye 19 usiukate kwa wembe, utaonekana. Nunua na zile pini za springi mpya, za zamani ndizo zinaangusha saa. Memorial asubuhi na mapema, kabla ya gari la Machame.